Kupima Inflamesheni ya Ateri kwa Picha za Tiba

Lengo la somo

Somo hili linaeleza jinsi inflamesheni inavyoharibu ateri, jinsi picha za PET na CT zinavyoweza kuipima, na mipaka ya vipimo hivyo. Msomaji akimaliza anatarajiwa kuweza kutofautisha mgonjwa anayehitaji picha ya aina hii na yule ambaye tiba yake haipaswi kuisubiri.

Ateri isiyoziba si lazima iwe salama

Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anapopigwa picha ya CT ya ateri za moyo, swali la kwanza huwa ni moja: je, zimeziba? Jibu likiwa "hazijaziba", mgonjwa hurudi nyumbani moyo umetulia, na mara nyingi faili lake hufungwa. Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao ORFAN, uliofuatilia wagonjwa 40,091 waliopigwa picha hiyo katika huduma za kawaida za hospitali. Wagonjwa 81 kati ya kila 100 hawakuwa na ateri iliyoziba kwa kiwango kikubwa. Hata hivyo, ndani ya kundi hilo ndimo yalimotokea takribani theluthi mbili ya matukio makubwa ya moyo, na zaidi ya asilimia 60 ya vifo vilivyotokana na moyo.

Takwimu hizo zisieleweke vibaya. Mtu mwenye ateri iliyoziba bado yumo katika hatari kubwa kuliko asiyekuwa nayo. Lakini wasioziba ni wengi mno, na miongoni mwao wamo watu ambao ugonjwa wao hauonekani kwa kupima upana wa njia ya damu peke yake. Ugonjwa huo umo ndani ya ukuta wa ateri.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Ukuta wa ateri si bomba lisilo na uhai. Una tabaka la ndani la seli nyembamba zinazogusana na damu, misuli katikati, na tishu laini pamoja na mafuta kwa nje. Shinikizo la juu la damu, moshi wa tumbaku, kisukari na wingi wa lehemu mbaya (LDL) huliumiza lile tabaka la ndani. Lehemu hupenya na kujikusanya chini yake, na mwili huiona kama kitu kigeni.

Hapo ndipo inflamesheni inapoanza. Inflamesheni ni namna mwili unavyojihami: chembe nyeupe za damu huitwa mahali penye madhara ili kusafisha na kuponya. Katika kidonda cha ngozi, kazi hiyo huonekana kwa wekundu, joto, uvimbe na maumivu, kisha huisha. Katika ateri haionekani wala haiumi, na mara nyingi haiishi. Chembe nyeupe ziitwazo makrofaji humeza lehemu hadi zikajaa na kufa, na mabaki yake huita chembe nyingine. Mkusanyiko huo wa lehemu, seli na tishu za kovu huitwa plaki, na ugonjwa wenyewe huitwa atherosklerosisi.

Plaki hufunikwa na utando wa nyuzinyuzi. Makrofaji hutoa vimeng'enya vinavyoula utando huo. Ukichanika, vilivyomo ndani hukutana na damu, damu huganda juu yake, na njia ambayo jana ilikuwa wazi huziba kwa dakika chache. Likitokea hilo katika ateri ya moyo, huwa ni shambulio la moyo. Likitokea katika ateri ya karotidi shingoni, donge hupanda kichwani na kuleta kiharusi. Ndiyo maana plaki ndogo yenye inflamesheni kali yaweza kuua kabla ya plaki kubwa iliyopoa na kuwa ngumu.

Wazo hili si geni. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alilieleza tatizo hili kuwa ni inflamesheni ya ukuta wa ateri katika karne ya 19. Mwaka 1999 Russell Ross wa Marekani alikusanya ushahidi wa kisasa na kuutaja waziwazi ugonjwa huu kuwa ni wa inflamesheni. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni njia ya kuipima inflamesheni hiyo kwa mtu aliye hai.

Kwa nini kipimo cha damu hakitoshi

Kipo kipimo cha damu cha protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapokuwa na inflamesheni. Ni kipimo cha bei nafuu na chenye manufaa. Udhaifu wake ni kwamba hakisemi inflamesheni iko wapi. Jino lililooza, mafua, malaria au maumivu ya viungo huweza kuipandisha CRP sawa na ateri inavyoweza. Ni kama kuona moshi juu ya kijiji bila kujua nyumba inayoungua. Picha hutafuta nyumba yenyewe.

PET: kufuata sukari inakokwenda

Makrofaji zilizo kazini hula glukosi nyingi. Tabia hiyo ndiyo msingi wa picha ya PET. Mgonjwa huchomwa sindano ya FDG, yaani glukosi iliyobadilishwa kidogo na kufungwa pamoja na florini-18, elementi yenye mionzi. Seli huipokea FDG kama glukosi ya kawaida na kuanza kuichakata, lakini haiwezi kuimaliza. Hivyo FDG hunaswa ndani ya seli. Kadiri seli inavyokula zaidi, ndivyo mionzi inavyojikusanya humo. Mashine hupokea miali inayotoka mwilini na kuchora ramani yake, huku picha ya CT ikionyesha ni kiungo gani hasa kinachong'aa.

Madaktari waliosoma picha za PET zilizopigwa kwa ajili ya magonjwa mengine, hasa saratani, walikwisha kuona kwamba kuta za ateri kubwa za baadhi ya wagonjwa zinang'aa. Mwaka 2002, James Rudd na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha utafiti wa wagonjwa 8 wenye plaki za karotidi zilizokwisha kuleta dalili. Upande wenye dalili ulikusanya FDG kwa kasi iliyozidi upande wa pili kwa asilimia 27. Plaki zilizotolewa kwa upasuaji zilipochunguzwa maabara, glukosi hiyo ilionekana kujikusanya katika maeneo yenye makrofaji nyingi. Wagonjwa walikuwa wachache, lakini njia ilifunguka.

Namba inapatikanaje

Picha inayong'aa haitoshi. Lazima igeuzwe kuwa namba. Mtaalamu huchora mpaka kuzunguka ateri na kusoma kiwango cha juu cha FDG ukutani. Kisha husoma wastani wa FDG katika damu ya vena iliyo karibu. Namba ya kwanza hugawanywa kwa ya pili, na jibu huitwa uwiano wa ukuta kwa damu.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia, ukuta una 2.4 na damu ina 1.2. Uwiano ni 2.0. Baada ya miezi mitatu ya dawa, ukuta umeshuka hadi 1.8 na damu imebaki 1.2. Uwiano sasa ni 1.5, na inaelekea inflamesheni imepungua.

Lakini tuseme picha ya kwanza ilipigwa saa mbili baada ya sindano, na ya pili ikapigwa mapema zaidi, wakati FDG bado ni nyingi katika damu. Ukuta unasomeka 2.4 kama zamani, damu 1.6. Uwiano ni 1.5 vilevile, ilhali ukuta haujabadilika hata kidogo. Mgonjwa ataambiwa amepata nafuu ambayo hajaipata. Kwa sababu hiyo, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2016 kuhusu atherosklerosisi ilipendekeza kusubiri saa 2 baada ya sindano. Lililo muhimu zaidi ni kwamba picha mbili zinazolinganishwa zipigwe kwa muda uleule, na ikiwezekana kwa mashine ileile.

Maandalizi ya mgonjwa

Kwa kuwa kipimo kinafuata sukari, sukari iliyomo mwilini huweza kukiharibu. Mgonjwa hufunga kula kwa angalau saa 6. Maji matupu yanaruhusiwa. Glukosi ya damu hupimwa kabla ya sindano, na inafaa iwe karibu na 7 mmol/L au chini ya hapo, kwani glukosi ikiwa nyingi hushindana na FDG kuingia katika seli. Insulini ikichomwa muda mfupi kabla ya kipimo huielekeza FDG kwenye misuli. Kwa hiyo mwenye kisukari asiache dawa wala kubadili dozi kwa uamuzi wake mwenyewe. Apewe maelekezo na kituo siku chache kabla.

Mazoezi mazito huepukwa siku moja kabla ya kipimo, maana misuli iliyochoka nayo hula glukosi. Baada ya sindano mgonjwa hupumzika mahali penye joto la kutosha na hukojoa kabla ya kuingia mashineni. Mwenye ujauzito au anayenyonyesha aseme mapema.

Kuhusu mionzi, dozi ya kiasi cha MBq 200 za FDG humpa mtu mzima takribani mSv 4, na sehemu ya CT huongeza kiasi chake. Kwa kulinganisha, wastani wa mionzi ya asili ambayo mtu huipata duniani ni mSv 2.4 kwa mwaka. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Baada ya saa 11 hubaki chini ya sehemu moja kati ya 60. Kiasi hicho si cha kutisha, lakini si cha kutumiwa bila sababu.

Mipaka ya PET

Kwanza, ukuta wa karotidi yenye afya ni mwembamba kuliko milimita 1, ilhali mashine nyingi za PET hutofautisha vitu vilivyoachana kwa milimita 4 hadi 5. Kinachosomwa ni mchanganyiko wa ukuta na vilivyo jirani nao.

Pili, misuli ya moyo hula glukosi. Ateri za moyo zimelala juu ya misuli hiyo, na mng'ao wake huzifunika. Watafiti wa Cambridge walijaribu dawa nyingine, DOTATATE iliyofungwa na galiamu-68, inayoshika kipokezi kilichopo juu ya makrofaji. Katika utafiti wao wa mwaka 2017 wenye wagonjwa 42, picha za FDG za ateri za moyo hazikusomeka kwa wagonjwa 27, ilhali za DOTATATE zilisomeka kwa wote.

Tatu, FDG hung'aa popote penye ulaji mkubwa wa glukosi; haisemi ni seli ipi wala kwa sababu gani. Dawa nyingine, floridi ya sodiamu, haipimi makrofaji bali chembechembe changa za kalsiamu zinazojengeka katika plaki iliyojeruhiwa. Huko Edinburgh, mwaka 2014, ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 40 waliopata shambulio la moyo, 37 walikuwa na mng'ao mkubwa zaidi katika plaki ileile iliyosababisha shambulio. Ni habari nzuri, lakini msomaji wa ripoti ajue dawa iliyotumika, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake.

CT: mafuta yanayozunguka ateri

Njia ya pili haihitaji dawa ya mionzi kwa sindano. Husoma picha ya CT ya ateri za moyo kwa jicho jipya. Ateri za moyo zimezungukwa na mafuta. Ukuta ukiwa na inflamesheni, hutoa ishara zinazozuia seli changa za mafuta zisikomae na kujaa. Mafuta ya mahali hapo huwa na maji mengi zaidi na mafuta halisi machache zaidi.

CT hupima tofauti hiyo kwa vipimo vya Hounsfield, ambamo maji ni 0 na mafuta huwa chini ya 0. Katika utafiti wa CRISP-CT uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 1,872 wa Erlangen, Ujerumani, na 2,040 wa Cleveland, Marekani, watu ambao mafuta hayo yalifikia -70.1 au kuikaribia 0 zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. ORFAN ilitumia njia ya ukoo huohuo, na ndani ya kundi la "hazijaziba" iliweza kuwatenga wenye hatari kubwa na wenye hatari ndogo.

Hata hivyo, namba hizo hubadilika kulingana na mashine na nguvu ya umeme inayotumika kupiga picha, na huhitaji programu maalumu ya kuzirekebisha. Namba iliyosomwa kwa macho katika skrini ya kawaida haifai kulinganishwa na mpaka wa -70.1.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye tiba

Picha imesaidia kuonyesha kwamba inflamesheni ya ateri inaweza kupunguzwa. Katika utafiti wa mwaka 2013, atovastatini ilipunguza mng'ao wa FDG ukutani, na miligramu 80 zilifanya hivyo kuliko miligramu 10. Badiliko lilianza kuonekana baada ya wiki 4 tu. Hii ni faraja kwa mgonjwa anayemeza statini kila siku bila kuhisi tofauti yoyote.

Lakini mng'ao kupungua si sawa na maisha kuokolewa. Hilo huthibitishwa na majaribio yanayohesabu matukio. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa 10,061, lilitumia kanakinumabu, dawa inayozima ishara ya inflamesheni bila kushusha lehemu. Kwa dozi ya miligramu 150 matukio makubwa yalipungua kwa asilimia 15, lakini vifo vilivyotokana na maambukizi viliongezeka. Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, kwa miligramu 0.5 kila siku, ilipunguza matukio kwa asilimia 31 katika jaribio la LoDoCo2 la mwaka 2020 kwa wagonjwa 5,522 wa muda mrefu. Jaribio la CLEAR la mwaka 2024, kwa wagonjwa 7,062 waliotoka kupata shambulio la moyo, halikuona faida hiyo. Kolchisini isinunuliwe dukani kwa kukisia: huweza kumdhuru mwenye figo dhaifu, na hugongana na dawa kadhaa, ikiwemo klarithromisini.

Pale ambapo picha hubadili tiba leo

Kwa atherosklerosisi, PET bado ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki. Kuna ugonjwa mwingine wa ateri ambao kwake tayari ni kipimo cha kazi: vaskulitisi ya ateri kubwa. Humu kinga ya mwili huishambulia aota na matawi yake. Ugonjwa wa Takayasu huwapata hasa wanawake wenye umri mdogo. Ateraitisi ya seli kubwa huwapata watu waliopita miaka 50. Dalili za mwanzo ni homa ndogo, uchovu na kukonda, ambazo hufanana na za magonjwa mengi. PET huweza kuonyesha ateri zinazong'aa kabla hazijapungua upana.

Steroidi hupunguza mng'ao ndani ya siku chache. Picha ipigwe kabla ya dawa au ndani ya siku 3 za kwanza. Lakini ateraitisi ya seli kubwa huweza kupofusha macho ghafla; ikishukiwa sana, tiba ianze bila kusubiri picha.

Mifano ya kujipima

*Mfano wa kwanza.* Mwanamke wa miaka 29 ana uchovu na homa ndogo kwa miezi mitatu. Mkono wa kushoto huchoka akianua nguo kambani. Mapigo ya mkono huo ni hafifu, na shinikizo la damu hutofautiana kwa mmHg 30 kati ya mikono miwili. Je, apewe rufaa?

*Jibu.* Ndiyo, na kwa haraka. Ishukiwe Takayasu. Ultrasaundi, CT au MRI ya ateri yafaa kuanzia; PET ikipatikana itasaidia. Funzo kubwa ni kwamba kilichofichua ugonjwa ni kupima shinikizo katika mikono yote miwili, jambo linalowezekana katika zahanati yoyote.

*Mfano wa pili.* Mwanamume wa miaka 54, mvutaji wa sigara mwenye shinikizo la 158/96, ameambiwa ateri zake za moyo zina plaki ndogo lakini hazijaziba. Anauliza kama auze shamba akatafute PET nje ya nchi.

*Jibu.* Hapana. Matokeo ya PET hayatabadili anachohitaji sasa: kuacha sigara, kudhibiti shinikizo, na statini kwa ushauri wa daktari. Plaki imeshaonekana, na hiyo yatosha kuwa sababu ya tiba. Akimaliza fedha kwa picha akakosa za dawa, picha itakuwa imemdhuru.

Kwa vituo visivyo na mashine

Katika Afrika Mashariki mashine za PET ni chache, na kazi yake kubwa ni saratani. Hilo halimnyimi mhudumu wa afya uwezo wa kupunguza inflamesheni ya ateri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za hatari ya magonjwa ya moyo kwa kanda mbalimbali za dunia, ikiwemo mashariki mwa Afrika. Toleo lake lisilohitaji maabara hutumia umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na uwiano wa uzito kwa urefu.

Na mgonjwa anapopewa jibu la "hazijaziba", jibu hilo lisiwe la kufunga faili. Aulizwe kuhusu sigara, apimwe shinikizo, sukari na lehemu, na ripoti isomwe upya: je, pametajwa plaki, hata ikiwa ndogo? Ikiwa imetajwa, mgonjwa huyo ana ugonjwa wa ateri, na tiba yake inaanza siku hiyo.